Telogeni Efluviamu: Mpukutiko wa Nywele kwa Mama Anayenyonyesha

Istilahi hii aliiunda daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961. Telogeni imetokana na Kigiriki, nayo ni awamu ya mwisho katika maisha ya unywele, pale unapoacha kukua, ukapumzika kabla ya kung'oka. Efluviamu ni Kilatini, maana yake kutiririka nje. Kwa Kiswahili napendekeza mpukutiko wa nywele. Wasomali wa Garissa husema timo daadasho, yaani kumwagika kwa nywele, na kwa kweli wamemkaribia Mlatini kuliko sisi.

Kwa nini isiwe kukatika? Unywele hukatika katikati, kwa kusukwa kwa kubanwa sana au kwa dawa kali za kulainisha. Uliopukutika hutoka mzima, na ukiutazama mwishoni utaona kijivimbe cheupe. Upara nao ni jambo jingine kabisa: shina la unywele lenyewe hunywea mwaka baada ya mwaka. Mti unaopukutisha majani haujafa, na ndiyo sababu nimelichagua neno hili.

Kwa kawaida kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Wakati wa ujauzito homoni ya estrojeni huzizuia nyingi zisifike kwenye mapumziko, ndiyo maana kichwa cha mjamzito hujaa. Akishajifungua, homoni hiyo hushuka ghafla na nywele zilizocheleweshwa huingia telogeni kwa pamoja. Kati ya mwezi wa pili na wa nne mama huzikuta kwenye kitana, kwenye mto na ndani ya hijabu. Wengi hulaumu kunyonyesha, ilhali hata asiyenyonyesha hupukutikwa na nywele vilevile. Kwa walio wengi nywele hurejea kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Mama asiyeambiwa haya huenda duka la dawa na kuomba ya kuotesha nywele, na mara nyingi atakayopewa ni minoksidili. Dawa hii ilianza kama vidonge vya shinikizo la damu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, na mwaka 1988 ikaidhinishwa dawa ya kupaka kichwani kwa wanaume wenye upara. Yaani ni tiba ya upara, na anayeiacha hupoteza alichokipata. Mpukutiko hauihitaji.

Minoksidili hupita kwenye maziwa ya mama. Ikipakwa, kiasi kinachopenya ngozi ya kichwa na kuingia mwilini ni kidogo, takriban asilimia 1.4, kwa hiyo aliyekwisha kuitumia asiingiwe na hofu, wala asimwachishe mtoto ziwa. Aiache tu na amweleze daktari. Hatari ya karibu zaidi ni mtoto kugusa au kulamba dawa kwenye nywele na mikono ya mama. Mwaka 2019 huko Hispania, watoto wachanga waliota nywele usoni na mwilini baada ya minoksidili kuwekwa kimakosa katika dawa yao ya tumbo. Ilipositishwa, nywele hizo zikaondoka. Maelezo ya dawa yenyewe humtaka mama anayenyonyesha asiitumie. Vidonge vyake, ambavyo siku hizi huandikwa pia kwa ajili ya nywele, ni vya kuepuka zaidi, kwa kuwa dawa yote hupitia damuni. Finasteraidi, dawa nyingine ya nywele, ni ya wanaume; mama asiiguse.

Unga wa qasil, wa majani ya mkunazi, ambao wanawake wa kaskazini mashariki huoshea nywele tangu zamani, hausimamishi mpukutiko, lakini kuosha nao si tatizo. La kuulizia kliniki ni damu. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, au anayeishi kwa chai na wali pasipo nyama wala mboga, huenda amepungukiwa madini ya chuma, na upungufu huo huongeza mpukutiko. Tezi ya shingo nayo huweza kuyumba baada ya uzazi na kuleta hali hiyohiyo.

Kwa hiyo, ikiwa nywele zinaendelea kutoka baada ya mwaka, au zinaacha viraka vitupu, au unachoka kupita kiasi, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au kituo kilicho karibu nawe, upimwe damu na tezi. Na kabla ya kununua dawa yoyote ya nywele, mwambie muuzaji kwamba unanyonyesha.