Rola ya gundi na vitabu vya Nizwa

Kwa karne nyingi, mtu aliyetaka kitabu katika mji wa Nizwa, ndani ya Oman, alimtafuta mwandishi wa hati, akamlipa, kisha akangoja. Vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vilivyotungwa na wanazuoni wa mji huo, kama Bayan al-Shar cha Muhammad bin Ibrahim al-Kindi chenye juzuu zaidi ya 70, vilinakiliwa kwa mkono, juzuu baada ya juzuu.

Mtambo ulioanza kuibadili hali hiyo haukusimikwa Nizwa wala Maskati, bali Zanzibar. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na aliyezuru Uingereza mwaka 1875, alianzisha huko Matbaa ya Sultani, ambayo katika miaka ya 1880 ilikuwa ikitoa vitabu vya Kiarabu. Miongoni mwake kilikuwamo Qamus al-Sharia cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi, mwanachuoni wa Oman. Kitabu hicho kina juzuu 90, na ni sehemu yake tu iliyochapwa Zanzibar.

Wanahistoria wamemsifu Sultani na wanazuoni wake, na wanastahili. Rola ya wino haitajwi, ingawa bila hiyo mtambo wa chapa ni chuma kitupu.

Zamani wapiga chapa walipaka wino kwa mafumba mawili ya ngozi yaliyojazwa sufu, wakiyagonga-gonga juu ya herufi. Rola za ngozi zilipojaribiwa, mshono wake uliacha alama kwenye karatasi. Ufumbuzi ulipatikana Uingereza, ambako Bryan Donkin na Richard Bacon, katika mtambo wao wa mwaka 1813, walitumia rola zilizotengenezwa kwa gundi ya wanyama iliyochemshwa pamoja na molasi ya miwa. Mchanganyiko huo ulimiminwa ukiwa moto ndani ya kalibu, ukizunguka mti uliosimamishwa katikati, ukaachwa ugande. Ilipatikana rola laini, isiyo na mshono, inayoupokea wino na kuutoa kwa usawa.

Adui yake alikuwa hali ya hewa. Kwenye joto ililegea, na kwenye unyevu ilivimba na kuukataa wino. Wapiga chapa wa Ulaya walikuwa na mchanganyiko wa kiangazi wenye gundi nyingi na wa majira ya baridi wenye molasi zaidi. Kwa mwambao wa Afrika Mashariki, penye joto la kaskazi na mvua za masika, fundi wa rola za aina hiyo alilazimika kuwa nusu mpishi: iliyoharibika hukatwakatwa, ikayeyushwa na kumiminwa upya.

Na Kiarabu hakisamehe. Rola iliyolegea hujaza wino mahali pasipotakiwa, na herufi za be, te na nun hutofautiana kwa nukta tu. Katika kitabu cha sheria, nukta iliyozama katika wino yaweza kuligeuza neno, na hukumu ikageuka nalo.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo mpira wa msituni kutoka Mrima ulikuwa ukisafirishwa ng'ambo kupitia bandari ya Zanzibar. Mmarekani Charles Goodyear alikwishapata hataza ya kuuimarisha mpira kwa salfa mwaka 1844. Lakini mpira wa asili huharibiwa na mafuta, na wino wa chapa ni mafuta. Mpira wa nitrili, unaostahimili mafuta, ulikuja kubuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930.

Wakati huo Zanzibar ilikwisha kuwa na magazeti ya Waomani. Abu Muslim Nasir bin Salim al-Rawahi, mshairi na kadhi aliyezaliwa Wadi Mahram, katika eneo la Dakhiliyah, alianzisha Al-Najah mwaka 1911, na Al-Falaq likafuata mwaka 1929. Majahazi ya Sur yaliyoleta tende na kurudi na boriti yaliiunganisha Zanzibar na Sharqiyah, ambako koo za Ibra zilijenga majumba kwa mali ya Afrika.

Oman yenyewe ilisubiri. Gazeti lake la kwanza, Al-Watan, lilitoka tarehe 28 Januari 1971, na mwanzoni lilichapwa nje ya nchi. Wizara ya Turathi za Taifa na Utamaduni iliundwa mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 ikaanza kutoa Bayan al-Shar cha Nizwa, pamoja na Qamus al-Sharia, kile ambacho Zanzibar haikukimaliza.