Vijenzi vya tovuti: Namna ya kuandaa mradi wa mwanzo

MWANAFUNZI wa sayansi ya kompyuta anayetaka kuunda tovuti mjini Kakamega hukabiliwa na swali moja kabla ya kuandika mstari wa kwanza: aanzie wapi? Jibu lake ndilo huamua iwapo kazi hiyo itadumu au itajengwa upya baada ya miaka michache.

Swali hilo ni zito katika mji ulio makao ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2007. Vijana wengi hujifunzia kazi hii kwa tarakilishi moja na data ya kununua.

Kijenzi ni nini?

Kijenzi ni kipande cha ukurasa kinachojitegemea, kama vile kitufe, menyu, fomu au kisanduku cha bei. Huandikwa mara moja kisha kikatumiwa popote kinapohitajika.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji kinachoonyesha bei ya lita ya maziwa katika kurasa tatu za tovuti yake. Kisanduku hicho kikiandikwa mara tatu, kila badiliko hudai marekebisho matatu. Ukurasa mmoja ukisahauliwa, mfugaji husoma bei mbili tofauti. Kijenzi kimoja huondoa hatari hiyo.

Wazo la kuvifanya vijenzi kuwa sehemu ya lugha ya tovuti yenyewe liliwasilishwa na Alex Russell, aliyekuwa mhandisi wa Google, mwaka wa 2011. Kufikia Januari 2020, vivinjari vikuu vyote, yaani Chrome, Safari, Firefox na Edge, vilikuwa vikielewa vijenzi hivyo bila msaada wa programu nyingine.

Hatua za kuanza

Kwanza, toleo jipya la Node.js huwekwa katika tarakilishi. Programu hii, iliyoundwa na Ryan Dahl mwaka wa 2009, huja pamoja na npm, chombo cha kuletea vifurushi vya msimbo kutoka kwenye intaneti.

Pili, katika dirisha la amri huandikwa npm create vite@latest. Vite ni chombo alichokizindua Evan You mwaka wa 2020. Huuliza jina la mradi na aina yake. Anayetaka vijenzi vinavyoeleweka na kivinjari moja kwa moja huchagua Lit, maktaba ndogo ya kuviundia.

Tatu, ndani ya folda ya mradi huandikwa npm install, kisha npm run dev. Ukurasa wa kwanza huonekana kwenye anwani ya ndani ya tarakilishi, kwa kawaida http://localhost:5173. Hatua ya kuleta vifurushi ndiyo hula data. Baada ya hapo kazi yaweza kuendelea bila intaneti.

Faili za vijenzi hukaa katika folda ya src. Orodha ya vifurushi imo katika package.json, na matoleo yake kamili katika package-lock.json. Faili hizo mbili huhifadhiwa kwa Git pamoja na msimbo, lakini folda ya node_modules huachwa nje kwa kuwa ni kubwa na huweza kuletwa upya.

Jina la kijenzi sharti liwe na kistari, kwa mfano bei-maziwa, ili kivinjari kisilichanganye na vitambulisho vya kawaida vya HTML. Kazi ikikamilika, npm run build hutayarisha faili zilizobanwa ndani ya folda ya dist, tayari kupelekwa kwenye seva.

Tahadhari

Vifurushi vya watu wengine ni msaada, lakini pia ni deni. Machi 2016, kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 pekee, kiliondolewa kutoka npm, na miradi mingi kote ulimwenguni ikashindwa kujengwa.

Vyombo navyo huzeeka. Create React App, kilichozinduliwa na Facebook mwaka wa 2016 na kutumiwa na wanafunzi wengi, kilitangazwa Februari 2025 kuwa hakifai tena kwa miradi mipya.

Kwa hivyo mradi bora wa mwanzo ni ule mwembamba: vifurushi vichache, na tegemeo kubwa likiwa kile ambacho kivinjari chenyewe kinakijua. Kijenzi sahili chaweza hata kuandikwa katika faili moja ya HTML, bila Node.js wala Vite.

Wembamba huo humfaa pia msomaji wa tovuti. Mfugaji anayetafuta bei kwa simu ya bei nafuu hulipia data ya kila kifurushi kinachomfikia. Kabla ya kazi kutolewa, ifunguliwe kwanza kwenye simu kama hiyo.