Kabla ya kuchagua programu ya meza, uliza daftari ni la nani

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Najua wengi wenu mna mikahawa, au mnafanya kazi kwa mkahawa, na kila wiki kuna mtu anawaletea programu mpya ya kubuki meza na kupanga laini ya mlangoni. Mnaulizana ni gani iko poa, ni gani rahisi. Hilo si swali la kwanza. Historia ya hii biashara inaonyesha kwamba swali la kwanza ni lile ambalo wauzaji hawapendi: daftari litakuwa la nani?

Tuanze mbali. Mpaka mwishoni mwa karne ya 18, msafiri aliyefika Paris alikula meza moja na watu asiowajua, saa iliyopangwa na mwenye nyumba, chakula kile kile kwa wote. Mikahawa ilipokuja, mteja akapata meza yake, menyu yake na saa yake. Tamu sana. Lakini kila mtu akiwa na meza yake na saa yake, lazima awepo mtu wa kuamua nani akae wapi na nani angoje. Baadaye simu ikaingia, mteja akaweza kuomba meza akiwa nyumbani, na yule mtu wa mlangoni akawa na daftari. Aliandika kwa penseli, kwa sababu watu hubadilisha mawazo.

Jumamosi usiku, aliyeshika daftari alikuwa na nguvu kuliko mpishi. Alijua mzee yupi hukaa karibu na dirisha, na wapenzi gani wameachana wasiwekwe karibu. Pia alijua noti iliyokunjwa ikipita mkononi, meza "iliyojaa" inafunguka. Wakenya hatuhitaji kufundishwa hiyo sehemu. Lakini pamoja na ubaya wake wote, daftari lilikuwa na jambo moja zuri: usiku lilifungiwa ndani ya mkahawa. Lilikuwa mali ya nyumba.

Twende 1998, San Francisco. Jamaa anaitwa Chuck Templeton. Hadithi anayoisimulia ni kwamba wakwe zake walikuja kutembea, na mkewe akapoteza saa nyingi kwenye simu akitafuta meza. Hapo ndipo lilipotoka wazo la OpenTable. Tatizo ni kwamba wakati huo mikahawa mingi haikuwa na kompyuta mlangoni wala intaneti. Kwa hivyo kampuni ikawaletea mashine zenyewe, ikaziunganisha, ikawafundisha wahudumu. Ilikimbilia miji mingi haraka, soko la kampuni za intaneti likaporomoka, ikabidi irudi kwenye miji michache na kuijaza kwanza. Mteja hatembelei tovuti yenye mikahawa mitatu, na mkahawa haulipii tovuti isiyo na wateja. Unahitaji vyote pamoja, mtaa kwa mtaa.

Ikafaulu. Kwa miaka mingi bei yake Marekani ilikuwa hivi: ada ya kila mwezi, halafu dola 1 kwa kila mtu aliyeketi baada ya kubuki kupitia tovuti ya OpenTable, na senti 25 akibuki kupitia tovuti ya mkahawa wenyewe. Fikiria hiyo. Mteja wako wa miaka 5, anayejua jina la weita wako, akipitia tovuti yao unamlipia kama vile ndio wamekutafutia.

Mwaka 2009 OpenTable iliingia soko la hisa. Mwaka 2014 kundi la Priceline likainunua kwa dola bilioni 2.6. Sasa niulize, walinunua nini? OpenTable haikuwa na meza hata moja. Haikuwa na sufuria. Walinunua daftari.

Na tangu hapo matajiri wamekuwa wakinunua madaftari tu. American Express, kampuni ya kadi za mikopo, ilichukua Resy mwaka 2019. Tock iliuzwa kwa Squarespace mwaka 2021, na mwaka 2024 American Express ikakubali kuinunua nayo kwa dola milioni 400. Mwaka 2025 DoorDash, watu wa kupeleka chakula nyumbani, wakatangaza kuichukua SevenRooms kwa dola bilioni 1.2. Mkahawa uliosaini na kampuni ndogo ya vijana wazuri uliamka asubuhi ukakuta majina ya wateja wake yako chini ya kampuni ya kadi au ya boda za chakula.

Sitaki mseme programu zote ni wizi. Kuna shida mbili za kweli ambazo zimesaidia kutatua.

Ya kwanza ni laini. Miaka ya 1990 mikahawa ya Marekani iligawa vidude vya kutetemeka. Unapewa kidude, unazunguka karibu, kikitetemeka unarudi. Halafu Nowait ya Pittsburgh ikaona kila mtu tayari ana kidude mfukoni, ikaanza kutuma ujumbe wa simu. Yelp iliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 40. Hesabu iliyo ndani ni ya zamani. Mdenmarki Agner Krarup Erlang aliandika kuhusu foleni za simu mwaka 1909, na John Little akatoa uthibitisho wa kanuni yake mwaka 1961. Kabla sijaacha chuo, hilo ndilo somo moja nililolipenda. Jaribu: una meza 20, na kila kundi hukaa dakika 75. Maana yake meza moja inafunguka kila dakika 3.75. Mteja aliye wa 10 kwenye laini atangoja kama dakika 37. Ukimwambia "dakika 10 tu, boss," umemdanganya, na atajua. Mwaka 1985 David Maister aliandika kwamba kungoja bila kujua muda huonekana kurefu kuliko kungoja ukijua. Kila mtu aliyewahi kukaa kwa matatu ikisubiri kujaa anajua hiyo.

Shida ya pili ni watu wanaobuki halafu hawaji. Chicago, Nick Kokonas, ambaye kabla ya mikahawa alikuwa mfanyabiashara wa soko la fedha, alifungua Next mwaka 2011 pamoja na mpishi Grant Achatz na kuuza chakula kama tiketi. Unalipa mapema, na bei inategemea siku na saa. Wazo hilo ndilo lililozaa Tock. Lakini dawa ilileta ugonjwa mwingine: meza ikishakuwa kitu cha thamani mtandaoni, walanguzi wanakuja. Jimbo la New York lilipitisha sheria, iliyotiwa saini Desemba 2024, ya kuzuia tovuti kuuza nafasi za meza bila idhini ya mkahawa. Ile noti iliyokunjwa haikufa. Ilihamia kwa simu.

Sasa turudi nyumbani. Binamu yangu ni meneja wa mkahawa hapa Nairobi, wa aina ile Jumapili watu wanasimama mpaka parking. Kuna kampuni imewaletea mkataba: mwaka wa kwanza bure, baadaye komisheni kwa kila kichwa. Tajiri wake anataka kusaini Ijumaa. Mlangoni kuna mama mmoja ambaye ameshika daftari kwa miaka 11, na mpango ni aondoke, tabuleti ichukue nafasi yake. Binamu alinitumia mkataba nisome. Ukurasa wa 4 unasema taarifa za wateja ni za kampuni, na mkahawa "utaruhusiwa kuziona" mradi mkataba uko hai. Ukiacha, unaondoka mikono mitupu.

Nilimwambia hivi, na ninawaambia nyinyi pia.

Moja, majina na namba za wateja yabaki yenu, na muweze kuyatoa yote kwa faili siku yoyote, hata siku mnayoachana. Iandikwe. Ahadi ya mdomo ya muuzaji ni upepo.

Mbili, kataeni kulipia mteja ambaye ni wenu. Ada ya mwezi iliyo wazi ni afadhali kuliko komisheni, kwa sababu komisheni hukua kadiri nyinyi mnavyofanya kazi vizuri.

Tatu, dipoziti mnaweza kuichukua leo. Kokonas alihitaji kujenga programu nzima ili mtu alipe kabla ya kula. Sisi tumekuwa na M-Pesa tangu 2007. Siku ya Wapendanao na Siku ya Akina Mama, omba dipoziti kwa namba ya till, ikatwe kwa bili. Watu watanuna wiki mbili halafu watazoea.

Nne, laini ipangwe kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Usimlazimishe mtu mwenye njaa kupakua apu. Na ulizeni stima ikipotea inakuwaje.

Tano, sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Kama picha moja ni hivyo, fikirieni orodha ya maelfu ya namba za simu, na nani alikula na nani.

Na yule mama? Tabuleti inaweza kugawanya 75 kwa 20. Haijui kwamba wale wazee wa meza ya kona hukaa saa 3 kila Jumapili na haifai kuwahesabia dakika 75. Mikahawa mingi mikubwa ya ng'ambo ilipoweka mashine ilimbakisha mtu mlangoni, kwa sababu mashine inahitaji mtu wa kuiambia ukweli. Mpeni tabuleti yeye. Baada ya mwezi mmoja itakuwa na akili kuliko ya jirani.

Tajiri anaweza kusaini Ijumaa kama anataka. Lakini afute ukurasa wa 4 kwanza, na kama kampuni itakataa kuufuta, basi itakuwa imemwambia yenyewe ilichokuja kununua.

Wewe mkahawa wako unatumia nini, na umewahi kusoma ukurasa wa daftari? Niambie hapo chini.