Ujiji na Bujiji: Kiha na Lahaja Zake Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Majina ya mahali ni kumbukumbu zisizoandikwa kwa wino. Katika manispaa ya Kigoma-Ujiji, Rusimbi na Rubuga zimekaa pamoja na Kitongoni na Majengo kama majirani wa siku nyingi, walakini majina hayo hayakuzaliwa na mama mmoja. Kitongoni na Majengo ni Kiswahili kisichohitaji mfasiri. Rusimbi na Rubuga huanza kwa ru-, na Buhanda, Businde na Buzebazeba huanza kwa bu-. Viambishi hivyo viwili ni vya Kiha, lugha ya nchi ya Buha iliyo juu ya vilima na ambayo ukingo wake hugusa ziwa. Hata Ujiji, jina lililoenea duniani, ni Bujiji lililovuliwa b yake katika vinywa vya Waswahili, kama vile Buha ilivyoitwa Uha na Burundi ikaitwa Urundi. Wageni waliochora ramani waliandika kama walivyotajiwa na viongozi wa misafara yao, na viongozi hao walisema Kiswahili.

Kabla ya misafara hiyo Bujiji ilikuwa mojawapo ya enzi za Buha. Nyingine zilikuwa Heru, Muhambwe, Buyungu, Ruguru, Bushingo na Nkalinzi. Kila enzi ilikuwa na mwami wake, wala hapakuwa na mwami mmoja aliyetawala Waha wote. Kwa kuwa hapakuwa na kiti kimoja cha enzi, hapakuwa pia na usemi mmoja uliotawazwa juu ya mingine. Kila nchi ilisema kwa namna yake: hapa neno ni jingine, pale sauti hupanda au kushuka mahali ambapo jirani hakutazamia. Mamlaka ya watemi na wami yalifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1963, lakini tofauti za usemi hazikufutwa pamoja nayo. Hata leo sikio la mwenyeji hutambua mtu wa Heru na mtu wa Buyungu kabla hawajataja kwao.

Tofauti hizo hazikuwa kuta. Watu walikwenda Uvinza katika majira ya kiangazi kupika chumvi karibu na mahali ambapo mto Ruchugi huingia Malagarasi, na chumvi hiyo ilipelekwa mbali, nchi kavu na majini. Palipo na soko hapana budi pawe na maelewano. Kiha, Kivinza, Kihangaza, Kishubi, Kirundi na Kinyarwanda zimeshikana kama pete za mnyororo: zile zilizo karibu huelewana kwa urahisi, na kadiri mtu anavyokwenda mbali ndivyo anavyozidi kuuliza maana. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu katika mwaka 1948, aliziweka zote katika kundi moja. Kinyarwanda alikipa namba 61, Kirundi 62, Kiha 66, na Kivinza 67. Namba hizo ni msaada kwa msomaji, lakini hudanganya jicho. Hufanya kila lugha ionekane kama nyumba yenye ua wake, ilhali katika vilima vya Buha nyua hazikuwako.

Mfano mmoja utatosha. Kiambishi ki- cha Kiswahili huwa iki- katika lugha hizi, ndiyo maana Warundi husema Ikirundi. Lakini kinapofuatwa na baadhi ya sauti, k hulegea ikawa g: kitabu kwa Warundi ni igitabo, na Waha huiita lugha yao Igiha. Mwaka 1903 Carl Meinhof aliipa kanuni hii jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyeichunguza katika Kinyamwezi. Hivyo kanuni iliyotambuliwa Unyamwezi imo pia katika jina lenyewe la Kiha, na mwanafunzi akisikia Igiha na Ikirundi asidhani amesikia viambishi viwili. Kiambishi ni kimoja kilichovaa nguo mbili.

Mambo mawili yaliukata mnyororo huo. La kwanza lilikuwa biashara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Baada yao walizidi kuja watu kutoka ng'ambo ya ziwa, Wamanyema, Wabembe na Wabwari, wengine kwa hiari na wengine katika minyororo ya utumwa. Watu wa lugha nyingi waliokaa kiambo kimoja walihitaji lugha isiyo ya nyumba ya mmoja wao, na Kiswahili kilikuwa tayari. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, nguvu ya Kiswahili ilizidi. Usemi wa Wajiji, uliokuwa wa wenye nchi, ukawa usemi wa wachache katika mji wao wenyewe. Haukufukuzwa na mtu. Ulizidiwa na wingi wa wageni, na majina ya mitaa yakabaki kuushuhudia.

La pili lilikuwa mpaka. Buha na Burundi zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1919 Milner kwa upande wa Waingereza na Orts kwa upande wa Wabelgiji walipatana kuigawa nchi: Ruanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji, Tanganyika iende kwa Uingereza. Wabelgiji, waliokuwa wameitwaa Kigoma mwaka 1916, waliondoka mwaka 1921. Tangu hapo watu wa Manyovu na jirani zao wa upande wa pili, ambao usemi wao ni wa karibu sana, wakawa raia wa serikali mbili.

Mstari huo ulikuwa mwepesi katika karatasi, ukawa mzito katika maisha. Mauaji ya mwaka 1972 katika Burundi, na tena yale ya mwaka 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, yaliwaleta maelfu ya wakimbizi katika mkoa wa Kigoma. Kuanzia hapo usemi ulifanywa ushahidi. Muha aliyezaliwa Tanzania, na babu yake kabla yake, amewahi kuulizwa uraia kwa sababu ulimi wake unafanana na wa Mrundi.

Hapa ndipo elimu ya lahaja inapoacha kuwa pambo la wasomi. Historia ya Kiha yaonyesha kwamba usemi wa watu hawa ni mkongwe kuliko mpaka unaotumiwa kuupima. Lahaja yaweza kueleza mtu amekulia katika nchi gani ya Buha na wazee wake walikwenda soko gani. Haiwezi kueleza ni serikali ipi iliyoandika jina lake. Anayeifanya lahaja kuwa hati ya uraia huidai jambo ambalo haikupata kulijua.