Sabuni, Karanga za Kongwa na Maji Magumu

Neno sabuni liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali huhusishwa na neno la Kilatini sapo. Kwa karne nyingi maana yake ilikuwa moja: shahamu iliyopikwa pamoja na magadi au majivu. Katika karne ya 20 maana hiyo ilipanuka, na sehemu ya habari yake yapitia Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta. Sabuni iligawiwa kwa kipimo tangu 1942 hadi 1950. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, watengenezaji wa sabuni, alishauri karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield ukakadiria ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza 1947. Mibuyu iliwashinda madereva wa matrekta, mvua zikawa haba, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukazishika karanga kama saruji. Kwamba Ugogo ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe, wenyeji walikwisha kufundishwa na njaa; elimu hiyo haikupewa uzito uliostahili. Mpango uliachwa Januari 1951, ukiwa umegharimu pauni milioni 36 hivi.

Ilhali njia nyingine ilikwisha kupatikana maabarani. Mwaka 1930, huko Ludwigshafen, Conrad Schöller na Max Wittwer wa I.G. Farben walitumia oksidi ya ethilini kutengeneza visafishaji visivyo na chaji ya umeme. Sabuni ya asili ina chaji hasi. Ikikutana na kalisi ya maji ya kisima hugeuka utando usiotoa povu, jambo asilolikosa mfuaji wa Dodoma. Visafishaji hivi havina ugomvi na kalisi. Viwanda vya nguo vilivipokea kwanza, kisha vikatumika katika rangi za kupaka na katika dawa za kunyunyizia mimea, ili zitandae juu ya majani. Ajabu yao ni kwamba maji yakizidi joto fulani, vingi huacha kuyeyuka vema na maji huwa na ukungu. Povu lao pia ni dogo, sifa njema kwa mashine, si kwa mnunuzi apimaye sabuni kwa povu.

Maji magumu ni tafsiri ya Kiingereza, nayo imekubalika shuleni. Lakini unga wa kufulia, ambamo visafishaji hivi huchanganywa na vyenye chaji, una mvutano wa jina: wanakemia hukataa kuuita sabuni, na sokoni huitwa sabuni ya unga.