Wasia, wakfu na karo: Njia za kufadhili chuo kidogo

Bodi ya Chuo cha Sweet Briar, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ilipotangaza mnamo Machi 3, 2015 kwamba chuo hicho cha wanawake kingefungwa, hazina yake ilikuwa na takriban dola milioni 84.

Wengi walistaajabu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hizo ilifungwa na masharti ya wahisani waliozitoa, hivyo haikuweza kutumiwa kulipia mishahara wala ukarabati, ilhali idadi ya wanafunzi ilikuwa ikididimia.

Kisa hicho kinabainisha jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau: namna ya kutoa ina uzito sawa na kiasi kinachotolewa.

Sweet Briar ni miongoni mwa vyuo vidogo vinavyotoa elimu ya jumla. Humo mwanafunzi husoma fasihi, historia, falsafa, hisabati na sayansi pamoja, badala ya kuandaliwa kwa taaluma moja tu. Madarasa huwa na wanafunzi wachache na walimu hufundisha kwa karibu. Mfumo huo una gharama kubwa ambayo karo pekee haiwezi kuikidhi, ndiposa vyuo hivyo hutegemea wahisani.

Mchango wa moja kwa moja

Njia iliyo rahisi zaidi ni kutoa fedha taslimu kila mwaka bila masharti. Fedha hizi ndizo hulipia umeme, vitabu vya maktaba na mishahara. Hazimletei mfadhili sifa kubwa, lakini ndizo huzuia chuo kuyumba. Nchini Marekani, waajiri wengi huongeza kiasi sawa na kile mfanyakazi wao alichotoa, na hivyo mchango mdogo huwa maradufu.

Njia ya pili ni kumfadhili mwanafunzi. Mnamo 1960, Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa vijana Wakenya waliosafirishwa hadi Marekani kwa ndege, katika mpango uliopiganiwa na Tom Mboya. Wakfu wa familia ya Kennedy ulisaidia kugharamia safari hizo.

Maathai alisomea biolojia katika Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki jimboni Kansas, akahitimu mwaka wa 1964. Miaka 40 baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Chuo hicho kiliunganishwa na kingine mnamo 1971 na sasa kinaitwa Benedictine College.

Wakfu

Wakaazi wa pwani wanaelewa vyema maana ya wakfu: mali huwekwa, haiuzwi, na faida yake ndiyo hutumika. Vyuo hufuata kanuni iyo hiyo. Fedha huwekezwa, na kwa kawaida asilimia 4 au 5 ya thamani yake hutumiwa kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, dola milioni 1 zinaweza kutoa dola 50,000 kwa mwaka, kizazi baada ya kizazi.

Mfano bora ni Chuo cha Berea jimboni Kentucky, kilichoasisiwa mnamo 1855 na mhubiri John Fee, aliyepinga utumwa. Tangu 1892 hakijawatoza wanafunzi wake karo. Mnamo 1920, bodi yake iliamua kwamba urithi wowote utakaoachiwa chuo bila masharti utaingizwa katika wakfu badala ya kutumiwa papo hapo. Leo wakfu huo una zaidi ya dola bilioni 1. Wanafunzi nao huchangia kwa jasho lao, kila mmoja akifanya kazi chuoni kwa angalau saa 10 kwa wiki.

Hisa, ardhi na wasia

Si lazima msaada uwe fedha taslimu. Mmarekani anayetoa hisa zilizopanda bei huepuka kodi ambayo angelipa kama angeziuza mwenyewe. Wengine hutoa ardhi au majengo. Wapo pia wanaokabidhi fedha zao kwa mapatano kwamba chuo kitawalipa kiasi maalumu maisha yao yote, na kinachobaki baada ya kifo kiwe mali ya chuo.

Wasia ndiyo njia inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa aliyetoa hayupo tena kuulizwa. Sweet Briar yenyewe ilizaliwa kutokana na wasia wa Indiana Fletcher Williams, aliyefariki mnamo 1900 na kuacha shamba lake kwa ajili ya kumbukumbu ya bintiye, Daisy. Wasia huo uliagiza kwamba chuo kiwe cha wasichana weupe. Ilibidi chuo kwenda mahakamani katika miaka ya 1960 ili kujikwamua kutoka kwa sharti hilo, na uamuzi wa kukiruhusu kupokea wanafunzi wa rangi zote ukatolewa mnamo 1967.

Kufungua kilichofungwa

Mwaka 2015, wahitimu wa Sweet Briar hawakukubali kilio. Walikwenda mahakamani huku wakichangisha fedha. Kufikia Juni mwaka huo mapatano yalipatikana: wahitimu wangetoa dola milioni 12, naye Mwanasheria Mkuu wa Virginia angeridhia kuondolewa kwa masharti yaliyofunga dola milioni 16 za wakfu. Chuo hakikufungwa.

Kwa hivyo, mfadhili mwenye busara hukiuliza chuo mahitaji yake kabla ya kuandika masharti. Akitaka fedha zake zitumiwe kwa kazi maalumu, huongeza kifungu kinachoiruhusu bodi kuzielekeza kwingine endapo kazi hiyo itakoma kuwa na maana.