Sanamu za Ngoma za Kisukuma

Atokaye mjini Mwanza kwa njia ya kusini kuelekea Butimba hupita chini ya majabali yaliyopandana jiwe juu ya jiwe, nayo hayakupangwa na mja yeyote, bali maji yalipenya katika mipasuko ya mwamba, yakaula taratibu kwa dahari zisizohesabika, kisha mvua zikauchukua udongo, yakabaki mapande makubwa yaliyosimama kwa mizani ambayo hakuna mwashi angethubutu kuidhamini.

Wenyeji wa nchi hii, Wasukuma, nao wana mizani yao, walakini yao haikutulia. Katikati ya karne ya 19 vilizuka vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikifuata waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao masimulizi yasema walishindania ni nani mwenye dawa kali zaidi. Tangu zama hizo, mavuno yakiisha, vyama hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, wala hapana kadhi wa kukata shauri: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa kuwa moyo wa hadhira hautabiriki, kila hila ilitafutwa, kuanzia dawa ya mvuto hadi chatu aliyeviringishwa shingoni. Na katika bugobogobo, ngoma iliyotokana na vikundi vya kulimiana, jembe hurushwa hewani likizunguka, kisha likadakwa kwa mpini pasipo kupoteza pigo la ngoma.

Hapo ndipo sanamu ilipopata kazi. Fundi alichonga mtu wa mti, mwembamba, mikono akaichonga mbali na kiwiliwili, kisha akaiunga begani kwa namna iliyoiacha huru, hata mchezaji alipoinua sanamu na kuitikisa, mikono ikajirusha kwa kadiri ambayo aliyeichonga hakuiamuru. Bega lilikuwa mali ya fundi. Mrusho ulikuwa wa nasibu, wa jasho la mchezaji na wa makelele ya watu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Alexander Calder alisifiwa mjini Paris kwa sanamu zilizoning'inia na kuyumbishwa na hewa, na sifa hiyo aliistahili. Ila zake zilitazamwa na watu waliotulia, na kwangu mimi huo ni upungufu.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika makumbusho ya Ulaya, ambamo sanamu za Kisukuma zimekazwa juu ya vigingi, mikono ikining'inia, mtazamaji akiona kazi ya patasi tu. Afadhali Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo cha utamaduni wa Kisukuma pamoja na sikukuu ya Bulabo, inayofungamana na ile ya Ekaristi, ambamo Bagika na Bagalu hugombea watazamaji hata leo; na walimu wa sanaa wanaofunzwa katika chuo cha Butimba hawako mbali na uwanja huo.